Wili Havu Bini

Kipindi cha kwanza, Mdabulo, mwezi wa sita.
Ukungu umeingia darasani kabla ya wanafunzi,
umekaa dawati la mbele kama mgeni kutoka wilayani.
Chaki imelowa, haiandiki, inapaka.
Kidato cha tatu wananiitikia kwa pamoja,
mvuke ukiwatoka midomoni:
wili havu bini, wili havu bini,
kama watu wanaosukuma lori lililozama kwenye tope.

Nikawaambia msiogope urefu wa jina lake,
wakati huu hata kwetu upo.
Nitakuwa nimekuwa nikifundisha.
Tazameni: TA amesimama kilima cha ng'ambo,
ME yuko huku nyuma, ameshakunja jamvi lake,
na kati yao KI,
KI ambaye hajaketi tangu alfajiri,
KI mchuma chai, kikapu mgongoni.
Wakamcheka KI.
Wengi wao mama zao ni KI.

Nikatoa mfano wa kitabuni, wa bwana mmoja
atakayekuwa amekuwa akisubiri treni kwa saa mbili.
Oresti Kihwele akauliza: kwa nini asichukue bodaboda?
Nikafuta treni.
Nikaandika mwanzi:
ifikapo Pasaka utakuwa umekuwa ukidondosha ulanzi,
tone, tone, ndani ya mbeta, kwa miezi minne.
Huo wakauelewa haraka mno.
Nikaufuta nao, mkuu wa shule asije akapita.

Toeni yenu, nikasema.
Mvua nyembamba juu ya bati.
Kisha Twilumba Chengula, wa kule dirishani,
sweta la kaka yake, mikono imevuka vidole,
akasimama, akaenda neno kwa neno
kama avukaye mto kwa mawe:
siku misonobari ya bibi itakapokatwa
itakuwa imekuwa ikikua kwa miaka kumi na minane.
Bibi aliipanda juzi tu, mwezi wa kwanza,
miche mia nne, ekari isiyotimia,
na yeye ana miaka sabini na sita.

Sahihi, nikasema. Kaa.
Hakukaa.
Na bibi, mwalimu?
Siku hiyo chenso zinalia,
bibi naye atakuwa amekuwa aki—
akanyamaza, anatafuta.

Sasa, vipo vitenzi vinavyoukataa wakati huu.
Kujua kunakataa. Kumiliki kunakataa.
Kufa nako kunasumbua:
mtu hafi kwa muda wa miaka kumi.
Kanuni hiyo nilikuwa nayo mkononi pamoja na chaki.
Sikuisema.
Darasa zima lilikuwa linamtafutia.
Akilala, akasema Oresti, sauti chini.
Akingoja, akasema mwingine.
Twilumba akavitikisia kichwa vyote viwili.

Akipalilia, akasema.
Akakaa.

Nikaandika. Sarufi haikuwa na la kupinga.

Usiku nasahihisha, jiko la mkaa miguuni,
kalamu nyekundu naifikicha viganjani hadi wino ukubali.
Barua yangu ya uhamisho iko Mafinga, ndani ya jalada,
na jalada liko chini ya majalada.
Ifikapo Desemba nitakuwa nimekuwa nikiomba kuhama
kwa miaka tisa.
Naisoma tena. Haina kosa.
Hapa kwenye meza kuna kabeji ya mama Chengula,
ya tatu mwezi huu, sijui ya nini.

Daftari la mwisho ni la Oresti.
Nilifuta treni ubaoni, yeye ameirudisha:
bwana wake anaisubiri hapahapa Mdabulo,
kwenye ukungu, karibu na mnada,
kwa miaka kumi na minane,
na treni, kwa mwandiko huo wa kuinama, itafika.
Ila amesahau bini.
Namwekea, ndogo, juu ya mstari,
na mshale wa kuonyesha inapoingilia.